Ruzuku ya Ndege Ipo Tayari, Imekosea Abiria

Kuna sentensi moja imenichosha kabisa: "Ndege ni ya matajiri." Nimeambiwa na wasee wa Nairobi ambao hawajawahi kuvuka daraja la Tana. Nimeambiwa hadi na binamu yangu anayeuza simu Suuq Mugdi hapa Garissa, mtu ambaye mamake anaishi Elwak. Kila nikisema serikali iweke pesa kwa safari za ndege za Wajir na Mandera, najibiwa hivyo, mtu anamalizia chai yake, na mazungumzo yameisha. Sawa. Leo mimi ndiye naongea, na sina haraka.

Nianze na habaryar. Habaryar ni mdogo wa hooyo, mama mdogo kwa Kiswahili, na yeye huniita habaryar vilevile kwa sababu Wasomali tunaitana hivyo kwa kurudishiana. Anaishi Mandera mjini. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi. Garissa tuna kituo cha saratani siku hizi, alhamdulillahi, lakini tiba aliyoandikiwa yeye ilimpeleka Nairobi, na dawa yake inaingizwa mwilini kila baada ya siku 21. Shika hiyo namba, 21, kwa sababu ndiyo kalenda ya familia yetu sasa. Sisi hatuhesabu tena mwezi mwandamo wala mwisho wa mwezi.

Mandera mpaka Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Nilimsindikiza kwa basi mara moja. Kwenda kulikuwa afadhali. Safari ilianza kwa kusubiri, maana mabasi hutoka kwa msafara na polisi, na msafara hautoki mpaka askari wawe tayari. Kisha vumbi na mashimo, kipande mkandarasi ameanza kazi, kipande hakuna kitu. Tukalala njiani, tukafika siku ya pili miguu imevimba. Lakini bado alikuwa na nguvu zake, anatania wasichana kwenye basi, anawauliza wameolewa na nani.

Kurudi ndiyo ilikuwa noma. Mtu aliyeingizwa dawa ya saratani juzi yuko kwenye kiti cha basi, jua la Wajir linapiga kioo, na kila tuta ni kisu tumboni. Tukafika kwenye kizuizi kimoja, sitakitaja. Askari akasema kila mtu ashuke na kipande chake mkononi. Nikamwambia, "Afande, huyu ni mgonjwa." Akanijibu, "Kwani hana miguu?" Habaryar akashuka mwenyewe kabla sijabishana. Alisimama kwenye mstari, mkono mmoja kipande, mkono mwingine mfuko wa karatasi wa kutapikia. Aliponiona nalia akaniambia, "Habaryar, wacha. Wananitafuta mimi wa nini, mimi nishatafutwa na mwingine."

Baada ya hapo ukoo ukaapa: hakuna basi tena. Tukaanza qaaraan, ule mchango wa jamaa mtu akipatwa na janga, siku hizi unafanyika kwa M-Pesa na kundi la WhatsApp. Ndege basi. Tiketi zinahitajika mbili, yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi. Abti wangu ni mfugaji, kwa hivyo yeye hesabu zake zote ni za mbuzi, na ameniambia safari moja ya mtu mmoja ni mbuzi watano wazuri mvua ikiwa imenyesha. Kiangazi kikikaza na mbuzi wakikonda, ni kumi, na mnunuzi anakuangalia kama anakuhurumia. Zidisha kwa watu wawili. Zidisha kwa kila siku 21. Sasa niambie huyo tajiri wa ndege ni nani.

Na bado kulipa hakutoshi. Mara moja tulikuwa na pesa mkononi na viti havikuwepo. Safari za wiki hiyo zilikuwa chache, na siku tuliyoitaka ndege ilikuwa imejaa watu wa semina. Ndiyo, semina. Watu wenye mikoba ya kubebea faili wanaenda kujadili maendeleo ya maeneo kame kwenye hoteli. Habaryar akakosa. Tulipata kiti baadaye, siku 21 zikawa 30, na daktari akatuuliza, kwa upole lakini akatuuliza, "Kwani mlikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya ile ndege ya semina. Kila mtu aliyekuwa ndani yake alilipiwa na kodi. Hakuna aliyetoa hata shilingi mfukoni. Na sisi tuliobaki chini tulikuwa ndio wenye kulipa wenyewe.

Hapo ndipo nimefika kwenye hoja yangu. Watu wanabishana eti serikali ianze kutoa ruzuku kwa ndege za Kaskazini Mashariki au isianze, kama vile ni kitu kipya, anasa fulani tunaomba. Ruzuku ya ndege ipo tayari. Ipo miaka mingi. Imekosea abiria tu.

Hebu tuhesabu wanaoruka kwa pesa za wengine. Wabunge wetu hulipiwa usafiri na kodi, na maafisa wa serikali kuu na wa kaunti wakisafiri kikazi hulipiwa pia. Sina shida na hilo kwa vile kazi ni kazi, ila tuite kwa jina lake. Halafu twende Dadaab, kaunti yetu hii hii ya Garissa. Pale kuna kiwanja cha ndege, na kuna huduma ya ndege za misaada ya Umoja wa Mataifa, UNHAS, inayoendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wafanyakazi wa misaada wanaruka Nairobi hadi Dadaab, na wafadhili ndio wanabeba gharama kubwa. Kwa nini wafadhili wanalipa? Kwa sababu barabara ni ndefu na ina hatari, abiria ni wachache kuliko gharama, na kazi yenyewe haiwezi kungoja soko. Kila moja ya sababu hizo inamhusu habaryar. Tofauti yao ni kwamba yeye ni raia wa Kenya na hana kadi ya shirika shingoni. Sisemi ndege za Dadaab zisimame, hapana, zinaokoa watu. Nasema hesabu yenyewe ilishafanywa, na ilipofanywa na watu wasio na deni la siasa, jibu lilikuwa: lipa.

Kisha kuna shirika letu la taifa. Kenya Airways, serikali ina asilimia 48.9 ya hisa zake. Mwaka 2017 serikali hiyo ilidhamini mikopo yake ya hadi dola milioni 750. Mwaka 2022 shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 38, mwaka uliofuata zaidi ya bilioni 22, na kila mara Hazina ilipoombwa isimamishe nyumba isianguke, ilisimamisha. Najua zipo hoja za kulitetea, utalii, maua, heshima ya bendera, na mwaka 2024 walitangaza faida. Lakini angalia ramani. Hapa nchini Kenya Airways yenyewe inaenda Mombasa na Kisumu, na kampuni yake tanzu, Jambojet, inajulikana kwa Mombasa, Ukunda, Malindi, Lamu, Kisumu, Eldoret. Tafuta Wajir. Tafuta Mandera. Kodi ya sukari anayonunua abti yangu pale Elwak imesaidia kuweka angani ndege isiyompeleka popote anakoenda.

Au reli. Madaraka Express ilipozinduliwa Mei 2017 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700, na miaka ya mwanzo mapato ya reli hayakufikia hata gharama za kuiendesha, mbali na deni la China. Nani alijaza pengo? Sisi sote. Na hakuna aliyesimama Mombasa akasema treni ni ya matajiri.

Kwa hivyo tafadhali, usiniambie nchi haina utamaduni wa kulipia usafiri wenye hasara. Inao, na inaupenda. Inachochagua ni hasara ya nani.

Uchaguzi huo una historia, na wenzangu wa rika langu tunapaswa kuijua. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka maarufu, Sessional Paper nambari 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kuna wazo kwamba pesa ya maendeleo ipelekwe mahali itakapozaa haraka na kwa wingi, penye mvua, udongo mzuri na reli, halafu matunda yatawafikia wengine baadaye. Baadaye. Nyanya yangu, ayeeyo, alizaliwa kabla ya waraka huo na akafariki akiwa bado anasema "naenda Kenya" akipanda basi la Nairobi. Watu husikia hiyo kauli wakacheka. Mimi siichekei.

Na kiwanja cha ndege kwetu kina kumbukumbu nyingine. Februari 1984 serikali ilijua vizuri sana kutumia kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Wanaume walikusanywa pale, wakawekwa kwenye jua siku kadhaa bila maji, wakauawa. Kwa miaka serikali ilikubali watu 57 tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013 iliweka idadi karibu na 1,000, na manusura wanasema ni zaidi. Sileti hili ili kuchochea mtu. Nalileta kwa sababu nikisikia afisa anasema serikali "haina uwezo" wa kufika huko mbali, najua kuna wazee Wajir wanaosikia sentensi hiyo hiyo na kunyamaza.

Hata miaka ya karibuni uwezo ulionekana. Ndege kutoka Mogadishu zilikuwa zikilazimishwa kutua Wajir kwanza kwa ukaguzi wa usalama kabla ya kuja Nairobi. Ilikuwa hivyo kwa miaka, ikaondolewa mwisho wa 2016, ikarudishwa 2019. Wajir ina njia ndefu ya kurukia kwa sababu ni kambi ya jeshi la anga. Kwa hivyo uwanja upo, lami ipo, maafisa wapo. Wajir ilifaa kuwa mlango wa kukaguliwa wengine. Kumbeba mgonjwa wa Wajir, hapo ndipo tunaambiwa soko liamue.

"Lakini barabara kwanza." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naiheshimu. Barabara ya Isiolo kupitia Modogashe, Wajir, Kutulo, Elwak, Rhamu hadi Mandera inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na siku ikikamilika nitakuwa wa kwanza kuifanyia video. Nataka lami kuliko ninavyotaka ndege. Ila lami haimalizi kilomita 1,000, inazifupisha saa tu. Na barabara yetu ina jambo ambalo lami haitibu.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na Al-Shabaab, watu 28 wakatengwa na kuuawa, wengi wao walimu na wafanyakazi waliokuwa wanaenda nyumbani kwa likizo. Siku chache baadaye, Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa, na mamia ya watu wasio wenyeji wakapiga kambi kwenye kiwanja cha ndege cha Mandera wakiomba waondolewe kwa ndege. Tulia ufikirie picha hiyo: walimu, wauguzi, mafundi, wamekaa na mabegi yao kando ya njia ya kurukia, kwa sababu kila mmoja amejua kwamba pale ndipo mahali pekee pa kutokea. Desemba 2015 basi lingine lilishambuliwa karibu na Elwak, abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Cuba wakatekwa Mandera wakienda kazini. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa Garissa, na baada ya hapo tume ya walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule zikabaki na watoto na ubao.

Watu wakisikia hesabu hiyo wanaona hoja ya usalama tu, polisi zaidi, kambi zaidi. Mimi naona pia hoja ya usafiri. Nimeongea na mwalimu wa kike wa kutoka Machakos aliyefundisha Mandera miaka mitatu. Akaniambia hakuogopa Mandera yenyewe, majirani walimpenda, walimletea maziwa ya ngamia asubuhi. Alichoogopa ni basi, mara sita kwa mwaka. Mshahara wake usingeweza ndege. Aliomba uhamisho akaondoka. Kiti kimoja chenye ruzuku, mara sita kwa mwaka, kingembakisha mwalimu wa hisabati. Mwajiri wake hajawahi kuweka bei ya kuondoka kwake kwenye daftari lolote, ndiyo sababu ndege inaonekana ghali.

Na akina mama. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2009, Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wastani wa nchi ulikuwa 495. Soma tena polepole. Zipo sababu nyingi, wakunga wachache, hospitali mbali, umaskini, na ndege haitibu zote. Lakini mama anayevuja damu hasubiri msafara wa polisi.

Sasa, ruzuku ya namna gani? Hapa ndipo nakosana na baadhi ya wenzangu wa nyumbani, maana wao wanataka serikali inunue ndege au kila kaunti ianzishe shirika lake. Allah atuepushe. Tukifanya hivyo ndege ya kwanza itabeba gavana na ya pili itabeba walinzi wake. Jirani zetu Tanzania wamenunua ndege tangu 2016 kuifufua Air Tanzania, na zimesaidia miji ya mbali, siwezi kukataa, lakini mkaguzi mkuu wao ameripoti hasara mwaka baada ya mwaka na mtu wa kawaida hawezi kujua ni kipande gani cha hasara kilimsaidia mtu wa Kigoma na kipi kilipotea tu. Ukilipia kampuni, unalipia na uzembe wake.

Lipia njia. Tofauti ni kubwa. Serikali inasema: tunataka ndege Nairobi, Wajir, Mandera, siku hizi na hizi, nauli isizidi kiwango hiki. Kampuni zilizoko Wilson, ambazo tayari zinajua anga hili, zinashindana kwa kutaja pengo: sisi tunahitaji kiasi hiki kwa kila safari ili tusipate hasara. Mwenye pengo dogo anapewa kandarasi ya miaka michache. Asiporuka, halipwi. Marekani walianza kitu kama hicho mwaka 1978, walipoondoa udhibiti wa nauli na kujua kwamba miji midogo ingeachwa. Mpaka leo wanalipa. Uskochi kuna kisiwa kinaitwa Barra, ndege inatua kwenye ufuko wa bahari, juu ya mchanga, maji yakipwa, na serikali yao inalipia njia hiyo. Watu wachache sana wanaishi pale. Hakuna anayewaambia wahamie mjini.

India ndio karibu na hali yetu. Mpango wao unaitwa UDAN, ndege ya kwanza iliruka Aprili 2017. Nauli ya safari ya saa moja iliwekewa kikomo cha rupia 2,500 kwa sehemu ya viti, pengo linalipwa na mfuko, na pesa za mfuko zinatoka kwa tozo ndogo kwenye njia zenye faida. Na sitawapamba. Mkaguzi mkuu wa India mwaka 2023 aliripoti kwamba zaidi ya nusu ya njia zilizotolewa hazikuanza kabisa, na zilizodumu baada ya miaka mitatu ya ruzuku ni chache mno. Walitawanya pesa kila mahali ambapo mwanasiasa aliomba uwanja. Kenya tukianza na njia mia tutaangukia hapo hapo. Mimi naomba mbili. Wajir na Mandera. Zikishindwa tutajua, zikifaulu tuongeze.

Kwa nini soko lenyewe halifanyi? Kwa sababu linajikaba shingo. Ndege ni ndogo, viti hamsini au chini, na gharama za mafuta, bima na marubani hazipungui kwa sababu nusu ya viti viko tupu. Nauli inapanda, abiria wanarudi kwa basi, safari zinapunguzwa, na safari zikipungua hata mwenye pesa hawezi kupanga, kama tulivyokosa sisi. Hapo kampuni inabaki na abiria mmoja wa uhakika: mtu wa semina, ambaye haulizi bei kwa sababu halipi. Yeye ndiye anayeweka bei tunayoiona. Angalia miraa: shehena inajulikana, mnunuzi anajulikana, na ndege zimekuwa zikiamka alfajiri pale Wilson kuipeleka Mogadishu. Kitu kikiwa na mlipaji wa uhakika, ndege inapatikana. Jani linaamkiwa alfajiri, binti wa Rhamu mwenye ujauzito hana.

Na sharti langu la kwanza, hili silitoi hata kwa dua: kiti cha ruzuku kisikaliwe na mtu anayelipiwa na serikali. Mheshimiwa alipe nauli kamili. Mtu wa semina alipe nauli kamili. Viti vya ruzuku viwe vya mgonjwa mwenye barua ya rufaa, msindikizaji wake, mwanafunzi, mwalimu na muuguzi aliyeajiriwa huko, na mtu mwingine yeyote anayelipa kutoka mfukoni mwake. Orodha ya viti vilivyouzwa itangazwe kila mwezi, idadi tu, bila majina. Tukiona mwezi mmoja wagonjwa ni wawili na "wengineo" ni arobaini, tutajua mwizi amepanda ndege.

Pesa zitoke wapi? Kila abiria wa ndege za ndani hulipa tozo ya huduma ya abiria, shilingi 600, iko ndani ya tiketi hata kama hujawahi kuiona. Wa kimataifa ni dola 50. Pesa hizo hugawanywa kati ya taasisi za viwanja na usafiri wa anga, na tangu 2018 sehemu inaenda kwa mfuko wa kutangaza utalii. Yaani habaryar akitoka Nairobi baada ya tiba, tiketi yake inachangia kutangaza fukwe za Diani. Sichukii Diani, nimeenda, samaki ni wazuri. Nasema tu kipande cha tozo hiyo, hasa ya wanaotoka Nairobi kwenda kustarehe, kinaweza kulipia njia mbili kabla mtu hajasikia uchungu.

Kuna na Mfuko wa Usawazishaji. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kinatenga asilimia nusu ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, ili huduma zifike kiwango ambacho wengine wanakiona cha kawaida. Kinataja maji, barabara, afya, umeme. Wanasheria watasema ndege haijatajwa. Afya imetajwa. Mgonjwa kufika hospitali ni afya, sijui ningeita nini kingine. Mfuko huo umepewa miaka 20 tu isipokuwa Bunge liuongeze, na mingi kati ya hiyo imeliwa na kesi na mivutano. Unaisha muda wake huku mimi nikiwa bado kijana.

Na Garissa je? Nyinyi watu wa mtaa wangu mtanichukia kidogo. Mimi ni wa Garissa na nasema Garissa isiwe ya kwanza. Sisi tuna lami mpaka Nairobi, kilomita 370 hivi, unatoka alfajiri unaswali adhuhuri Eastleigh. Kupeleka ruzuku ya kila siku kwenye kiwanja chetu wakati Mandera inangoja ni kula cha yatima. Nabakisha kitu kimoja tu. Novemba 2023 mvua za El Nino zilikata barabara kati yetu na Nairobi, na Aprili 2024 mto ukafurika tena, mashua ikapinduka Kona Punda watu wakivuka kwenda Madogo, watu wakafa kwenye maji ambayo wiki chache kabla yalikuwa barabara. Kandarasi ya Wajir na Mandera iwe na kipengele kimoja: barabara ya Garissa ikikatika, ndege inatua Garissa kwa nauli ile ile, siku hiyo hiyo, bila mkutano. Kipengele kimoja. Wakili wa mwaka wa kwanza anaweza kukiandika.

Nimepeleka hoja hii kwa watu watatu wenye ofisi. Wa kwanza aliniambia nizungumze na kaunti. Wa kaunti akaniambia anga ni ya serikali kuu. Wa tatu aliniuliza kama naweza kumtengenezea video ya miradi yake. Nilimwambia bei yangu, akasema atanipigia.

Habaryar anasafiri tena Jumanne wiki ijayo. Kundi la qaaraan limeshafunguliwa, limefika nusu ya tiketi moja. Abti amesema mvua haijanyesha na mbuzi aliowapeleka sokoni Elwak walirudi nao nyumbani kwa kukosa bei, kwa hivyo tunapiga simu kwa jamaa wa Eastleigh usiku huu. Kampuni ya ndege imesema viti vipo kwa sasa, lakini hawawezi kushikilia bila malipo, kwa sababu kuna kikundi fulani kimeulizia ndege nzima.